Bolti Ngumu, Shabaha Iliyotawanyika, Nyati Aliyekimbia: Kutafuta Kosa Katika Risasi za Kujaza kwa Mkono

Juni inapokaribia kwisha, simu yangu haipumziki. Vijana wa Nakuru, Kitale na Kisumu wanaokwenda kufanya kazi katika kambi za uwindaji za Tanzania na Uganda huniuliza maswali yale yale kuhusu risasi ambazo mtu amejijazia mwenyewe badala ya kununua za kiwandani, na wengi huwa wameshajijibu: "Mzee, hii baruti ni mbaya, sivyo?" Misimu kumi na moja nimekaa kwenye meza ya bunduki kambini, na naweza kusema baruti husingiziwa mno. Mara nyingi kuna mtu amebadilisha kitu kimoja, kichwa cha risasi, aina ya ganda, fataki, au hata mahali pa kuweka kasha la risasi ndani ya gari, kisha akaendelea na kipimo chake cha zamani.

Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu kutengeneza risasi bila kusajiliwa kama mfanyabiashara wa silaha. Kwa hiyo usisome haya ukaenda kufungua kiwanda nyuma ya nyumba pale Njoro. Haya ni ya yule anayeshika risasi zilizojazwa kihalali katika nchi inayoruhusu, na anatakiwa ajue kinachoendelea kabla mtu hajaumia au mnyama hajateseka. Vipimo vya baruti sitoi. Hivyo viko katika kitabu cha mtengenezaji wa baruti yako, na hakuna mahali pengine pa kuvichukua, hata kwa rafiki unayemwamini.

Tuelewane kwa maneno. Risasi ni kitu kizima. Ganda ni ile shaba ya nje. Fataki ni kile kidude cha kitakoni kinachogongwa na pini. Baruti iko ndani, na kichwa ndicho kinachoruka. Bolti ni komeo la chuma linalofunga nyuma ya mtutu, na chemba ni sehemu ya mtutu inayokaliwa na risasi. Namba kama .375 hutaja kaliba, yaani upana wa ndani wa mtutu kwa inchi.

Bolti inakuwa ngumu kufunguka

Naanza na hili kwa sababu ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Umepiga, unainua mkono wa bolti, unakataa. Ukitoa ganda unakuta fataki imelala bapa mpaka imejaza kishimo chake, au kitakoni pa ganda pana alama inayong'aa kama imesuguliwa. Hiyo ni shinikizo iliyopita kiasi. Acha kupiga hapo hapo. Usimalizie hata moja iliyobaki kwa kuona haya ya kutupa risasi za tajiri.

Sababu ya kwanza, tena kwa mbali, ni joto. Mgeni amejaza risasi kwao wakati wa baridi, akazijaribu, zikawa tamu. Sasa yuko bonde la Rufiji saa nane mchana, na kasha limekaa kwenye dashibodi ya gari tangu asubuhi. Baruti iliyopashwa hivyo huwaka kwa kasi zaidi na shinikizo hupanda. Hata sisi wa Nakuru tunapaswa kuwa macho, kwa maana mji wetu uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na asubuhi watu wanavaa makoti. Risasi iliyotulia hapa saa moja asubuhi haijathibitisha lolote kuhusu nyanda za chini. Waingereza wa zamani walilijua hili vizuri. Baruti yao ya kodaiti ilikuwa kali kwenye joto la India na Afrika, ndiyo maana bunduki kama .470 Nitro Express ya mwaka 1900 zikapewa ganda kubwa sana, ili shinikizo ibaki chini hata jua likiwaka.

Kuwinda kwa risasi hizo kumekwisha; ila kwa kutafuta sababu tu, jaribio lake ni jepesi. Weka risasi chache kivulini, ndani ya kasha lililofunikwa, mpaka zipoe. Acha chemba nayo ipoe. Piga moja tu. Ikiwa bolti imefunguka kwa kidole, umejua joto ndilo lililofichua tatizo. Angalia nimesema kufichua. Risasi inayohitaji kivuli ili iwe salama imejazwa kupita kiasi, na dawa yake ni kupunguza baruti, au kuchagua baruti iliyotengenezwa isibadilike sana na joto. Zipo, na kwa mtu anayewinda Afrika mimi sioni kwa nini atumie nyingine.

La pili ni kubadilisha kichwa. Hapa wengi huteleza, na ni watu makini kabisa. Kichwa cha shaba tupu cha greni 300 (kama gramu 19.4) kina uzito sawa na cha metali laini ya risasi kilichovikwa shaba, lakini shaba ni nyepesi kuliko metali ya risasi, kwa hiyo kichwa hicho ni kirefu zaidi. Urefu huo unaingia ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti. Uzito ni ule ule, baruti ni ile ile, chumba kimekuwa kidogo. Kila unapobadilisha kichwa, hata kama namba ya uzito haijabadilika, rudi kwenye kipimo cha kuanzia cha kitabu na upande polepole. Vichwa vya shaba tupu pia havipendi kuegemea mistari ya mtutu, ile michirizi ya ndani inayokizungusha kichwa, kabla ya kupigwa. Viachie nafasi, takriban milimita 1.3, ndipo uanze kupima.

Kisha angalia urefu wa ganda kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia urefu kwa usahihi. Ganda hurefuka kila linapopigwa na kurekebishwa, na likizidi, mdomo wake hubanwa na chemba na kukishika kichwa kisitoke. Angalia pia kama maganda ni ya kiwanda kimoja, kwa sababu yenye kuta nene yana nafasi ndogo ndani. Pitisha kitambaa kikavu kwenye chemba uondoe mafuta na maji. Halafu pima mizani yako kwa jiwe lake la majaribio. Mizani ya kielektroniki iliyowekwa karibu na feni au simu huyumba, nami nimewahi kuona tofauti ya greni nzima mbili asubuhi moja.

Sababu adimu kuliko zote, na mbaya kuliko zote, ni baruti isiyo ile. Kikopo hakina lebo, au mtu alirudisha mabaki katika chombo kisicho chake. Punje za baruti mbili tofauti zinaweza kufanana kabisa kwa macho na kwa harufu. Baruti usiyoijua jina haina matumizi kwenye meza ya kujazia.

Fataki ikianguka yenyewe ukifungua bolti, au moshi ukikurudia usoni, au bolti ikitaka nyundo, kazi yako imekwisha. Usigonge. Bunduki iende kwa fundi mwenye leseni akague masikio ya bolti, yale yanayoishikilia isirudi nyuma, na chemba, hata kama kwa nje inaonekana nzima.

Inabofya tu, inachelewa, au inatoa mlio mnyonge

Hizi ni dalili tatu na zina hatari tofauti, usizichanganye.

Ikibofya tu bila kulia, elekeza mtutu mahali salama na usifungue. Ushauri wa kawaida ni kungoja sekunde 30. Mimi nahesabu mpaka 60. Ukishatoa risasi, itazame fataki. Kishimo kikiwa hafifu, tatizo kwa kawaida ni la bunduki: mafuta yaliyoganda ndani ya bolti, uchafu, au springi iliyochoka. Watu wa upande wa Gilgil na Elmenteita wanalijua vumbi lao jeupe la Kariandusi, lile linalochimbwa kwa ajili ya chujio. Ni laini kama unga na linasugua chuma. Likikutana na mafuta mengi ndani ya bolti hugeuka uji. Bolti isafishwe, ibaki karibu kavu. Kishimo kikiwa kizuri na bado haikuwaka, fataki ilishikwa na vidole vyenye mafuta, au imeingia unyevu. Na ikiwa risasi ile ile imewaka ilipogongwa mara ya pili, fataki haikusukumwa mpaka chini ya kishimo chake. Pigo la kwanza liliishia kuisukuma.

Mwaka 1898 pale Tsavo, simba walipokuwa wakila wafanyakazi wa reli ile iliyokuja kufika Kisumu mwaka 1901, mhandisi wa reli hiyo, John Henry Patterson, alitoka kumkabili simba mmoja akiwa na bunduki nzito ya kuazima ambayo hakuwa ameijaribu. Alipovuta, haikuwaka. Simba akaenda zake. Mpaka leo kila msimu nakutana na mtu anayetaka kuingia kwenye vichaka vya nyati na risasi ambazo hajapiga hata moja kati yake.

Kuchelewa, yaani unasikia kubofya kisha mlio baada ya kitambo, hutokana zaidi na moto mdogo wa fataki mbele ya baruti nyingi ya polepole. Ganda kubwa linataka fataki ya magnum, yenye moto mkali zaidi, hasa ukitumia baruti ya punje za mviringo, ambayo ni ngumu kuwaka. Sababu nyingine ni baruti iliyoshindiliwa ikagandamana. .458 Winchester Magnum ilipotoka mwaka 1956, ganda lake fupi lilitakiwa kusukuma kichwa cha greni 500 kwa kasi kubwa, basi baruti ikashindiliwa, na baada ya muda ikawa donge. Wawindaji wakapata risasi dhaifu mbele ya wanyama wasiosamehe. Mwindaji Jack Lott, ambaye alijeruhiwa na nyati Msumbiji, alitengeneza .458 Lott yenye ganda refu zaidi ili baruti ipate nafasi ya kupumua. Ukitikisa risasi ya .458 ya zamani usisikie chembe ikisogea, usiipeleke porini. Mpe mwenye mamlaka ya kuiharibu.

Dalili ya tatu ni mlio mnyonge, "pof," na bega halikusukumwa. Usijaze nyingine. Huenda baruti ilisahaulika, fataki peke yake imesukuma kichwa kikakwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata itaupasua. Toa bolti, mulika mtutu kwa tochi kutoka nyuma. Huoni mwanga? Fundi. Kijiti cha kusukumia kwa nyundo kambini kimeharibu mitutu mingi kuliko kilivyoiokoa.

Neno moja kwa wanaopenda risasi nyepesi za mazoezi: usipunguze baruti ya polepole chini ya kipimo cha chini kilichoandikwa kitabuni. Ganda kubwa likiwa na baruti ya polepole kidogo mno linaweza kutoa shinikizo ya kutisha badala ya upole. Kwa risasi nyepesi kuna baruti na vipimo vyake maalumu.

Risasi zinatawanyika kwenye shabaha

Kwanza tukubaliane nini ni kutawanyika. Kwa bunduki ya .375 ya kuwinda nyati, ambaye mara nyingi hupigwa ndani ya mita 80, risasi tatu zinazokaa ndani ya sentimita 6 au 7 kwa mita 100 zinatosha. Kuna watu wanaharibu msimu mzima wakitafuta sentimita 2.

Kabla ya kugusa baruti, chukua bisibisi. Skrubu zinazoshika kitako na zile za vishikizio vya darubini hulegea kwa teke la bunduki nzito, na nadhani nusu ya bunduki "zenye baruti mbaya" nilizoletewa zilipona hapo. Baada ya skrubu, tazama mbao nyuma ya bolti kama zimepasuka ufa mwembamba. Kitako cha mbao kilichotoka Kakamega au Kisumu kwenye unyevu, kikaenda ukame, husogea na kuanza kuusukuma mtutu upande. Pitisha noti ya karatasi kati ya mtutu na mbao. Mahali inapokwama ndipo panapogusa.

Kisha safisha mtutu kwa dawa ya kuondoa shaba, na uwaachie wengine wawili wapige bunduki hiyo hiyo. Bunduki ya kaliba kubwa humfundisha mtu kufumba macho, na hakuna aliye jasiri mno asipatwe na hilo. Mwekee risasi bandia katikati ya zile za kweli bila yeye kujua, utauona mtutu ukidunda kabla ya kubofya.

Watu hupenda kuulaumu mwinuko. Kweli hewa ya Nakuru ni nyembamba kuliko ya Kisumu, iliyo kama mita 1,130, lakini kwa mita 100 tofauti hiyo huioni kwenye karatasi.

Bado zinatawanyika? Sasa njoo kwenye risasi. Jaribu kichwa kingine kabla ya baruti nyingine, kwa sababu mtutu huchagua kichwa kwanza. Kichwa kirefu cha shaba huenda kinataka mzunguko mkali kuliko mistari ya mtutu wako inavyoweza kutoa, na dalili yake ni matundu yaliyolala, yenye umbo la yai, kwenye karatasi. Baada ya hapo sogeza kina cha kichwa kidogo kidogo. Kronografu, kifaa cha kupima kasi ya kichwa, ikionyesha kasi zinazopishana sana kati ya risasi na risasi, hapo ndipo nakubali kuzungumza kuhusu baruti: ganda lililo karibu kujaa bila kushindiliwa huwaka kwa utulivu kuliko lililo nusu tupu.

Ganda lina mstari unaong'aa karibu na kitako

Kunja ncha ya waya mwembamba, uingize ndani ya ganda, ukwaruze ukuta kutoka chini kwenda juu. Ukisikia mfereji, ganda linakaribia kukatika vipande viwili. Tupa kundi lote. Mara nyingi sababu ni kulisukuma bega la ganda, pale linapoanza kuwa jembamba, chini kupita kiasi wakati wa kulirekebisha, hasa maganda yenye mshipi, ule mkanda wa shaba karibu na kitako, kama ya .375 H&H, ambapo watu huamini mshipi utashika kila kitu. Bega lirudi kiasi cha milimita 0.05 hivi, basi. Ganda likikatika kweli na nusu ikabaki chembani, fundi atalitoa kwa kifaa chake. Na kama hata risasi mpya za kiwanda zinatoa mstari huo, chemba yenyewe imechakaa na bunduki isipigwe tena mpaka ipimwe.

Vichwa vimezama ndani ya risasi zilizobaki

Piga mbili, toa ya tatu iliyokuwa imengoja kwenye magazini, pima urefu wake. Ikiwa imefupika, teke limekisukuma kichwa ndani, na nafasi ya baruti imepungua bila wewe kujua. Kwa bunduki nzito, chagua kichwa chenye mfereji uliozunguka kiuno na ubane mdomo wa ganda hapo. Zile zilizofupika usizipige.

Ulilenga vizuri, mnyama akakimbia

Hapa ndipo roho yangu ilipo. Karatasi haihisi maumivu. Nyati aliyepigwa vibaya hufa baada ya siku mbili ndani ya matete, au humngoja kijana wa kufuatilia nyayo, na kijana huyo anaweza kuwa wa kwenu.

Kosa la kwanza ni la mahali risasi ilipoingia, na hakuna kichwa cha kuponya hilo. La pili ni kichwa laini kilichokwenda kasi kuliko kilivyoundwa. Kinafunguka juu juu, kinavunjika vipande, hakifiki mapafuni. Hili lilimkuta mwindaji Mmarekani John Nosler mwaka 1946 kwa paa mkubwa wa Kanada aitwaye moose, akaunda kichwa chenye ukuta katikati, ili sehemu ya mbele ifunguke na ya nyuma iendelee. Ndiyo maana nasema chagua kichwa kwanza, kisha baruti itakayokipa kasi ambayo mtengenezaji wake amekiwekea. .375 H&H ilipotoka mwaka 1912 ilirusha greni 300 kwa takriban mita 770 kwa sekunde, na kasi hiyo bado inamtosha nyati. Anayeongeza baruti ili apate mita 50 zaidi, kisha akaweka kichwa laini cha bei nafuu, amelipa gharama ya kujidhuru.

La tatu ni kinyume chake: kichwa kigumu kisichofunguka, kilichopigwa kwa mnyama mwepesi, kikapita kama msumari na kuacha tundu dogo. Kongoni hahitaji kichwa cha tembo. Wala kundi la nyati halifai kupigiwa kichwa kigumu ikiwa nyati mwingine amesimama nyuma ya yule unayemlenga, kwa sababu kitapita.

Kwa tembo ni kichwa kigumu tu, na chenye pua bapa huenda moja kwa moja kuliko cha pua ya mviringo. Walter Bell, yule mwindaji wa pembe wa Karamoja ng'ambo ya mlima Elgon, aliua mamia ya tembo kwa bunduki ndogo ya 7x57 na vichwa virefu vigumu. Siku hizi kuna wanaomtaja ili wabebe bunduki ndogo. Bell alijua ubongo wa tembo ulipo kutoka kila upande, na tembo wa siku zake hawakuwa wamezoea milio. Tanzania inataka kaliba isiyopungua .375 kwa wanyama hatari, nami naunga mkono kwa moyo wote. Mwenye bunduki ya zamani ya mitutu miwili aulize fundi kwanza kabla ya kutumia vichwa vigumu vya metali tupu, kwa kuwa mitutu yake myembamba inaweza kuharibika ndani kwa kusukumwa na mistari.

Mnyama akishaanguka, usiondoke bila kichwa kilichomwua. Mwombe mchunaji akitafute chini ya ngozi ya upande wa pili, hapo ndipo vingi hukwama. Kioshe, kipime uzito, kisha kipime upana. Kikibaki na uzito wake mwingi na kimefunguka sawa pande zote, hiyo baruti na kichwa hicho vinaelewana. Mimi hukitia ndani ya bahasha ya kaki, nje naandika mnyama, umbali, jina la baruti, kipimo, na joto la siku hiyo. Bahasha hizo ninazo kwenye sanduku la bati nyumbani, na kijana akinipigia simu Juni kuniuliza kama baruti ni mbaya, huwa nafungua sanduku kwanza ndipo namjibu.